Umebadilisha Fani na Unaenda Masta? Panga Yuniti Zako Kabla Hazijakupanga

Barua ya kuitwa masta imeingia kwa simu. Umeipiga skrinshoti, ukaiweka status, mbogi imemwaga emoji za moto na mathako ashapigia mashangazi wote. Digrii yako ya kwanza ilikuwa ualimu, ama sosholojia, ama kitu kama hicho, na sahii unaingia takwimu na data juu umeona huko ndio kazi ziko. Hongera, hakuna wivu hapa. Halafu unafungua fomu ya kujisajili, unaona yuniti nne za semista ya kwanza, unacheka. Nne tu? Na kwa digrii si nilikuwa nabeba saba na bado sherehe sikosi?

Hapo ndipo watu huanguka, na wanaanguka karo ikiwa ishalipwa.

Hii risto ni ya mtu anayesoma masta kwa fani ambayo hakuisomea digrii. Kama unaendelea na kile kile ulichosomea, soma tu kwa udaku. Lakini kama umeruka, jua kitu kimoja mapema: mwalimu wa masta hafundishi kutoka mwanzo. Anaingia darasani akiamini umekaa miaka minne na hiyo kitu. Yuniti saba za kitu unachokijua zinaweza kuwa nyepesi kuliko tatu za kitu unachokutana nacho mara ya kwanza.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Lakini naishi keja moja na msee aliyepitia hii maneno yote nikimwona na macho yangu, na nimempikia ugali saa sita usiku mara nyingi kuliko ningependa. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili na historia, akaruka hadi masta ya takwimu. Barua yake ilikuwa na sharti: aongeze yuniti mbili za kuziba gepu, kalkulasi na aljebra ya matrisi, juu hakuzisoma kwa digrii. Jamaa akaziweka juu ya zile nne za kawaida. Sita, na bado anafundisha mchana. Ikifika wiki ya nne, darasa la probabiliti likadai intigresheni. Darasa la kalkulasi, lile lilipaswa kumfunza hiyo intigresheni, lilikuwa bado liko kwa limiti. Yaani alikuwa anatumia ngazi ambayo ilikuwa bado inachongwa.

Unajua venye iliisha. Probabiliti alipata 43, na kwa masta vyuo vingi vya hapa Kenya vinataka 50 ndio upite, sio ile 40 ya digrii. Mbaya zaidi, hiyo yuniti ilikuwa inafundishwa Septemba pekee. Akangoja mwaka mzima.

Tafuta yuniti ya geti

Kila fani iko na mlolongo. Kwa data na takwimu unaenda hivi: chini kabisa kuna kalkulasi na matrisi. Juu yake kuna probabiliti. Juu ya probabiliti kuna inferensi, yaani kutoa jibu kuhusu watu milioni ukiwa umehoji elfu mbili. Ukitoka hapo kuna rigresheni, na juu kabisa ndio zile vitu za kupostia LinkedIn: ujifunzaji wa mashine, utabiri wa mauzo, na kadhalika.

Usifikirie wanapanga hivyo kukusumbua. Probabiliti ya vitu kama urefu, uzito ama muda wa kungoja mat inapimwa kwa eneo lililo chini ya mkunjo, na eneo hilo unalipata kwa intigresheni. Rigresheni nayo ni matrisi tupu. Ulizionja hizi vitu high school, ukazikopi kwa ubao, ukapita KCSE, ukazisahau kabla matokeo hayajatoka. Sahii zimerudi kukutafuta.

Sasa chukua orodha ya kozi yako yote, ya miaka yote, sio ya semista moja. Kando ya kila yuniti andika inahitaji gani kabla yake. Utaona kuna moja ambayo nyingine nne ama tano zinaitegemea. Hiyo naiita yuniti ya geti. Soja akikukatalia hapo, hata ukijua nyumba zote za ndani ya estate hazikusaidii. Kwa takwimu ni probabiliti. Kwa masta ya uchumi mara nyingi ni hesabu ya wanauchumi. Kwa afya ya umma utakuta ni epidemiolojia na takwimu za afya zinatembea pamoja. MBA imezoea kupokea watu wa fani zote, kwa hivyo gepu huwa ndogo, lakini kama hujawahi ona mizania ya kampuni, yuniti ya uhasibu itakunyoosha.

Ukishaijua, uliza swali ambalo karibu hakuna mtu huuliza: inafundishwa lini? Kama ni mara moja kwa mwaka, mpango wako wote unaanza hapo na kurudi nyuma. Unahesabu miezi kutoka hiyo tarehe kuja leo, unaona kama gepu inazibika kwa huo muda. Kama haizibiki, usijisajili nayo mwaka huu. Ngumu kumeza, najua. Lakini kuingoja ukijiandaa na kuingoja ukiwa ushafeli ni mwaka ule ule mmoja, tofauti ni kwamba ya pili inakaa kwa transkripti na umeilipia.

Hesabu masaa, achana na idadi

Wiki ina masaa 168. Tupige hesabu ya mtu wa kawaida wa Nairobi anayefanya kazi na kusoma jioni.

Kulala masaa saba kila siku, hiyo ni 49. Kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano, 45. Barabara, kama unaishi Rongai ama Ruiru, weka masaa matatu kwa siku na ushukuru Mungu yakiwa hayo, 15. Kupika, kuoga, kufua, kutafuta maji, kuongea na binadamu wenzako, masaa matatu kwa siku, 21. Jumapili kuna kanisa, ama chama, ama ushago kuna harusi, ondoa nane. Zimebaki 30.

Yuniti moja ya masta huwa na masaa matatu hivi ya darasa kwa wiki, zile za jioni mara nyingi zinaanza saa kumi na moja unusu. Kama ni kitu cha fani yako ya zamani, weka masaa sita ya kujisomea, jumla tisa. Kama ni kitu kipya, usijidanganye, weka tisa ya kujisomea, jumla 12. Hizo ni hesabu zangu za kuangalia huyu jamaa akisoma kwa meza yetu, na kwa yuniti zingine zilizidi hapo.

Sasa gawanya. Mtu ambaye hakubadilisha fani anabeba tatu kwa masaa 27 na anabaki na matatu ya kucheki mpira. Wewe ukibeba tatu mpya unahitaji 36. Umepitisha sita. Ukibeba nne mpya ni 48, umepitisha 18, na hayo masaa yatatoka kwa usingizi, juu bosi hatakupa na Thika Road haitakupa. Jamaa wangu na sita zake alikuwa analala masaa manne, anafundisha vitenzi akiwa amefunga macho.

Kwa hivyo mzigo wa mtu aliyeruka fani na bado anafanya kazi ni yuniti mbili. Tatu kama moja ni ya upande wako wa zamani na nyingine sio nzito, ama kama umeacha kazi. Hiyo ndiyo namba yangu na siibadilishi. Kuna wasee watakuambia walibeba tano wakapita. Waulize walikuwa wanaishi kwa nani na nani alikuwa anawapikia.

Usimalize zile rahisi mapema

Hapa ndipo wengi wanajiona wajanja. Mtu anaona kwa orodha kuna Mbinu za Utafiti, alisoma kitu kama hiyo kwa sosholojia, anasema wacha nichukue zote rahisi kwanza nipate moyo. Semista ya kwanza anapata A. Ya pili amebaki na probabiliti, inferensi na rigresheni peke yake, zote zinamwangalia.

Zile yuniti unazozijua ni kama salio la Fuliza. Usilitumie lote siku moja. Unataka kila semista iwe na moja ngumu na moja ya kupumulia. Kwa chuo chenye semista tatu kwa mwaka, na tuseme unaanza Januari, hii ni njia moja inayotembea. Januari hadi Aprili, kalkulasi na matrisi, hizo mbili za kuziba gepu na usiongeze kitu. Hiyo ni masaa 24 na ndio semista chungu kuliko zote juu hakuna ya kupumulia. Mei hadi Agosti, kuandika programu kwa R ama Python, pamoja na Mbinu za Utafiti. Hapo ni 21. Septemba, probabiliti, ukiwa ushakanyaga kalkulasi miezi minne na kuipasha moto miezi mingine minne, na kando yake sampuli na dodoso, ambayo mtu wa sosholojia anaielewa hata akilala. Mwaka wa pili inferensi, halafu rigresheni, kila moja na mwenzake mwepesi, na zile za juu zinafuata.

Ndiyo, masta ya miaka miwili imekuwa mitatu. Sitakuficha. Lakini msee wangu alipanga miwili na sahii yuko kwa mwaka wa tatu akiwa na madeni na jicho jekundu.

Kama unaanza Septemba na geti nayo ni Septemba, gepu lazima uizibe kabla ya kuripoti. Miezi kati ya barua na siku ya kufungua usiikalie. MIT imeweka masomo yake bure kwa intaneti kwa miaka zaidi ya ishirini sasa, na video za Gilbert Strang za aljebra ya matrisi ziko hapo, mzee na chaki yake, hana mbwembwe na anaeleweka. Khan Academy ni ya kuanzia kama hata aljebra ya fomu tu imekutoka. Unahitaji bando na masaa kumi kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili. Na fanya maswali kwa karatasi. Kuangalia video ya hesabu bila kalamu ni kama kuangalia video za mazoezi ukiwa umelala kwa kochi.

Wakikwambia lazima ubebe zote

Kuna kozi zimefungwa: darasa lote linatembea pamoja, yuniti nne ama tano, hakuna kuchagua. Hapo usinyamaze tu ukajitosa. Nenda kwa mratibu wa kozi, yule anayeshughulikia wanafunzi wa masta kwa idara, na uende na karatasi yako ya masaa mkononi. Muulize idadi ya chini ya yuniti kwa semista ni ngapi, kama unaweza kuhamia mpango wa jioni ama wa muda, kama unaweza kuahirisha yuniti moja, na kama wanaweza kukuwekea nafasi hadi mwaka ujao. Muulize pia kuna miaka mingapi ya mwisho ya kumaliza, juu hiyo iko kwa kanuni za kila chuo na watu huigundua ikiwa imebaki miezi sita. Majibu yakuje kwa barua pepe. Maneno ya korido hayana mhuri.

Kuna njia nyingine watu hudharau. Kwa mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, ule unaosimamiwa na KNQA, digrii iko ngazi ya 7 na masta ngazi ya 9. Hapo katikati, ngazi ya 8, kuna diploma ya uzamili. Ni fupi, na inakupa msingi wa fani mpya bila presha ya thesisi. Mtu aliyeruka mbali sana, sema kutoka muziki hadi takwimu, anaweza kupitia hapo kwanza. Shangazi hataiposti kwa grupu ya familia, lakini shangazi haketi mtihani.

Halafu acha nafasi kwa kalenda. Januari hadi Machi 2017 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 54. Waliokuwa wamejaza yuniti hadi kwa koo walirudi kukuta semista imefinywa na mitihani imepangwa kama matatu za jioni. Ukiwa na mbili, kufinywa huko unakuvumilia.

Doo

Uliza mapema kama chuo kinalipisha kwa yuniti ama kwa semista. Hiki ndicho kitu kinaamua kama mzigo mdogo utakugharimu zaidi. Kama ni kwa yuniti, kubeba mbili hakukuongezei sana, unalipia tu zile ada za kila mwaka za maktaba, kitambulisho na vitu kama hizo mara moja zaidi. Kama ni kwa semista bei moja, kila semista ya ziada ni pesa, na hapo lazima upige hesabu pande zote mbili. Chukua mfano wa yuniti ya 20,000. Ukifeli mbili na kurudia, hiyo ni 40,000 umetupa, na bado umeongeza muda ule ule uliokuwa unaukimbia.

HELB pia ina mkopo wa wanaosoma masta, sio wa digrii pekee. Ila kama ule wa kwanza hujaulipa, anza na hiyo story kabla ya kuomba mwingine.

Kuna wiki chache mwanzo wa semista ambapo unaweza kuongeza ama kutoa yuniti. Jua tarehe yake ya mwisho na uiweke alamu kwa simu. Ukiona wiki ya pili mwalimu anaandika alama ambazo hujawahi kuona maishani, toa. Hiyo sio aibu. Aibu, kama kuna mtu anahesabu, ni ile F inabaki pale milele.

Na kazini, usimfiche bosi hadi siku ya mtihani. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Watu wengi wanaimaliza Desemba ushago. Wewe weka siku nane kando kwa ajili ya wiki za mitihani, na uombe mapema. Mwalimu kama jamaa wangu hana bahati hiyo sana, juu mitihani yake na ya wanafunzi wake hugongana.

Thesisi inaanza kwa ile digrii ya zamani

Hapa ndipo kuruka fani kunalipa. Wenzako waliosoma takwimu tangu mwanzo wanajua hesabu, lakini wengi hawana kitu cha kuuliza. Wewe unacho. Aliyesoma sosholojia anajua kwa nini dodoso la pesa za nyumba hujibiwa uongo. Nesi aliyeingia data anajua ni safu gani ya rejista ya kliniki huwa inajazwa kwa kubahatisha. Kwa hivyo andika wazo la thesisi mwaka wa kwanza, hata kama ni baya, na chagua yuniti za hiari zinazolilisha. Yuniti ya hiari iliyochaguliwa juu rafiki yako anaichukua ni masaa 12 kwa wiki umempa rafiki yako.

Kumbuka pia kibali cha utafiti cha NACOSTI, na idhini ya maadili kama unahoji watu. Hizo huchukua muda wao, na msimamizi wako naye ana wanafunzi wengine kumi. Ukifika mwaka wa thesisi ukiwa na yuniti ya kurudia, kila kitu kinasimama.

Calestous Juma, yule profesa Mkenya aliyeishia kufundisha Harvard, alianza kama mwalimu, akawa mwandishi wa sayansi pale Daily Nation, kisha akaenda Sussex kusomea sera za sayansi na teknolojia. Kile alichokuja kuandika maisha yake yote kilikuwa kimekaa hapo katikati ya hizo kazi.

Msee wangu wa keja naye alirudia probabiliti Septemba iliyofuata, na yuniti moja tu kando yake. Alipata 64. Thesisi yake inahusu kufunza kompyuta kutofautisha Kiswahili sanifu na Sheng kwa maandishi ya mtandaoni, juu alikuwa mwalimu wa Kiswahili na amesahihisha insha za Sheng miaka sita. Mimi ndiye namsaidia kuweka alama kwa sentensi, hii ni Sheng, hii sio, shilingi sifuri kwa saa. Jana tulibishana saa nzima juu ya neno moja, na gesi ikaisha maharagwe yakiwa bado magumu.